Kitambaa Cheupe cha Mtahini

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wote na kwa tumbo lote, kwamba Daktari Mwakio alikuwa na kitambaa cheupe cha kunasa matone. Daktari huyu ndiye aliyekuwa akitumwa na chuo kikuu kuja Kitale kutahini miradi ya wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa mwisho. Ati akifika kwenye mashine yako, anachomoa kitambaa mfukoni, anakitandaza chini ya kiungo cha bomba, anapiga goti na kungoja. Likianguka tone moja, la maji au la mafuta, digrii yako imekwenda. Ilisemekana aliwahi kumwangusha mtoto wa dada yake mwenyewe kwa tone dogo kuliko chozi la mbu, na dada mtu hakumsemesha tena. Wengine walisema kitambaa chenyewe kilifumwa Ujerumani kwa nyuzi za kupimia.

Msicheke, vijana. Kitambaa chenyewe tulikiona kwa macho yetu. Tuliona kikitandazwa. Tuliona hata goti lake likitua juu yake, tukasema anakikanyaga kisipeperushwe na upepo. Mtu akishaamini jambo, macho yake hugeuka vibarua wa imani yake.

Na mimi sikuwa mjinga. Cheti changu nilikipata shule ya jioni, na mtu aliyesoma jioni hukishika alichosoma kama mtu aliyeshika kuku wa kuazima. Mchana nilikuwa kwa Mzee Balbir, Singasinga aliyekuwa na karakana ya kuchomelea nyuma ya maduka ya Kitale. Jioni nilikimbilia darasani nikinuka grisi kiasi kwamba mwalimu wa hesabu aliamuru madirisha yafunguliwe hata mvua ikinyesha, na mvua ya Kitale ya siku hizo ilikuwa ikinyesha mpaka samaki wanaomba likizo. Nikapata karatasi yangu, nikaajiriwa kufundisha karakana katika chuo cha ufundi, na ndiko chuo kikuu kilikonikuta.

Niwaeleze ilivyokuwa, maana siku hizi mambo yote mnayafanyia kwenye kompyuta na mashine haijengwi hata kidogo. Idara ile ya uhandisi iliona kwamba miradi ya maji na kilimo iwe inajengwa pale itakapotumika. Basi vijana waliotoka pande zetu wakawa wanaletwa kwetu na michoro yao mikubwa iliyoviringishwa kama mikeka. Wanajenga chini ya macho yangu, mimi natoa alama zangu za kwanza, halafu anakuja mtahini kutoka nje na kutoa neno la mwisho. Neno lake ndilo lililokuwa digrii. Langu lilikuwa kama chumvi tu, ikikosekana watu wanasema, ikiwapo hakuna anayeitaja.

Mzee Balbir ndiye aliyenifundisha kutahini kabla sijajua neno hilo. Alikuwa akichukua bisibisi, ncha anaiweka kwenye mashine, mpini anaubandika sikioni, kisha anafumba macho kama mtu wa sala. Fanyeni hivyo. Beringi inayokufa utaisikia ikisaga mchanga siku nyingi kabla haijakwama. Vali isiyokaa sawa utaisikia ikikohoa. Alikuwa na maneno machache yule mzee, na mengi yalikuwa ya kukataa. Ukimletea kazi uliyoipaka rangi, anakurudisha ukaikwangue. Alisema rangi ni ya mwisho, na mtu anayeanza nayo ana kitu anaficha.

Mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa alijenga kikaushio cha mahindi. Jina lake nalihifadhi, sasa ni mtu mkubwa. Ripoti yake ilikuwa nene, ukiiangusha mezani kikombe cha chai kinahama. Siku ya kutahiniwa akawasha moto, Daktari Mwakio amesimama pale na suti yake ya kijivu, mara tukasikia ndani pa! pa! pa! Mahindi yanalipuka, yote yamegeuka bisi. Yalimwagika mlangoni mpaka kuku wa Trans-Nzoia nzima wakafika, na jogoo mmoja naapa alitoka upande wa Uganda. Kijana alikuwa amepima joto mlangoni tu, katikati hakupima. Alimweleza Daktari hivyohivyo, bila kujitetea, akachukua kijiti na kumchorea mchangani mahali ambapo moto ulikuwa umejikusanya.

Daktari akampitisha.

Tulikaa kwenye karakana tukalijadili. Mtu amechoma mahindi ya watu, amelisha kuku wa nchi mbili, na amepita? Jibu tulilipata upesi: bisi hazidondoshi maji. Kitambaa kilibaki kikavu. Basi ule uvumi ukawa na ushahidi, nami nikawa naufundisha kama sura ya kwanza ya kitabu.

Ndipo akaja Barasa.

Barasa alikuwa wa Misikhu, mrefu, mkimya, mwenye mikono ya kushika kitu na kitu kikatulia. Mama yake aliuza ndizi sokoni na alikuwa ameshaanza kumwita Injinia mbele ya wateja. Lakini chuo kilikuwa kimefungwa kwa migomo mara mbili akiwa humo, miaka ikaliwa. Wadogo zake walikuwa nyumbani wanangoja yeye amalize ndipo wao waendelee. Aliniambia siku ya kwanza, bila kulia shida, kama mtu anayetaja uzito wa mzigo: mradi huu ukianguka, atatakiwa kurudia mwaka mzima, na mwaka mwingine hana. Kwao hakuna wa kuubeba.

Alichojenga kilikuwa pampu ya maji isiyotumia mafuta wala umeme. Mbele ya Kiminini, ukielekea mlimani, kulikuwa na shule ya msingi juu ya kilima, na chini yake kijito. Watoto walikuwa wakishuka kwa mitungi kabla ya kengele na kupanda tena wakiwa wamelowa mgongoni. Pampu ya Barasa ilitumia nguvu ya kijito chenyewe. Maji yanateremka kwa kasi kwenye bomba refu la chuma, vali inajifunga ghafla, na ule mshtuko unasukuma maji kidogo kuingia kwenye chupa ya chuma ambayo tuliiita tumbo. Ndani ya tumbo kuna hewa. Hewa inabanwa, kisha inajinyoosha kama springi na kuyarusha maji kilimani. Vali inafunguka, inaanza tena. Siku tulipoiwasha iligonga ta, ta, ta, kwa upole, kama moyo wa mtu aliyelala vizuri. Maji yakafika shuleni. Watoto walipiga kelele mpaka nikadhani shule inaungua.

Tumbo lilichomelewa kwa Mzee Balbir. Aliweka bisibisi yake sikioni, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Kutoka kwake hiyo ilikuwa sherehe na ng'ombe kuchinjwa.

Mtahini akawa amebakiza siku chache kuja. Nikaenda kijitoni kukagua mara ya mwisho. Nikainama, nikaona chini ya tumbo, kila vali inapogonga, maji yanatemwa, ti, kama mate ya mtoto.

"Hii inavuja," nikamwambia.

"Haivuji, Mwalimu. Inapumua."

Akanionyesha. Alikuwa ametoboa tundu kwa drili nyembamba, dogo kama la sindano. Hewa ya tumboni, akaniambia, inaliwa na maji polepole. Kila pigo lile tundu linavuta hewa kidogo kurudisha iliyoliwa, na likivuta, lazima liteme. Bila tundu, tumbo linajaa maji tupu, springi inakufa, kisha chuma kinagongana na maji mpaka kimoja kipasuke.

Nilimwelewa. Shule ya jioni haikunifundisha hilo lakini mtu akinielezea naelewa. Tatizo halikuwa hapo.

"Sasa huyu anayekuja anajua kupumua? Yeye anajua tone, bana."

"Nikiliziba hewa itaisha, Mwalimu."

"Itaisha lini?"

Akafikiri. "Wiki. Pengine mbili. Haiishi mara moja."

"Na Daktari anakuja Alhamisi. Si utalizibua akishapanda gari?"

Akapitisha kidole juu ya lile tundu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetamani jibu liwe lingine, kama kweli Daktari anaangusha mtu kwa tone moja. Nikamwambia amuulize yule mtoto wa dada yake Daktari. Barasa akatoa kiberiti mfukoni, akachonga njiti, akaifungia kipande cha raba ya tyubu, akaisukuma ndani kwa kidole gumba. Tukasimama, tukatazama. Kavu kabisa. Nilimpiga begani, nikamwita Injinia kama mama yake.

Alhamisi Daktari hakuja. Gari la chuo lilikuwa limeharibika. Wiki iliyofuata hakuja pia, mvua ilikuwa imekata barabara. Tukaambiwa ni wakati wowote sasa. Barasa akaja kwangu akitaka kuizibua hata kwa siku mbili tu, ipate hewa. Nikamkumbusha maana ya wakati wowote. Mtu wa wakati wowote anaweza kutokea saa hiihii akakukuta unatema. Akarudi kijitoni. Nadhani alikuwa akikaa pale kutwa akiisikiliza.

Siku aliyokuja hatimaye, mimi nilitangulia kufika. Nilisikia nikiwa bado juu kwenye uwanja wa shule. Ile ta, ta, ta haikuwapo. Ilikuwa inagonga kama nyundo kwenye reli, na bomba lote lilikuwa likirukaruka ardhini. Mlio huo ninyi mkiusikia, fungeni maji kwanza, mengine baadaye. Tumbo limejaa.

Barasa alikuwa amechutama kando, mkono uko karibu na njiti.

"Mwalimu, nitoe sasa?"

Nikatazama juu. Gari lilikuwa limesimama, na Daktari Mwakio anateremka na suti yake ya kijivu, anachagua pa kukanyaga kwenye tope.

"Acha," nikasema.

Daktari akatusalimia kwa heshima zake zote za watu wa Taita, habari za kazi, habari za mvua, poleni kwa kungoja. Akachomoa kitambaa. Akakitandaza chini, karibu kabisa na tumbo, akapiga goti. Alisikiliza kwa muda, uso ukabadilika. Akapitisha kidole chini ya tumbo akitafuta kitu, akakipita palepale kwenye njiti, kwa kuwa Barasa alikuwa ameikata sawasawa na chuma na tope limeipaka.

"Tundu la kuvuta hewa liko wapi?"

Barasa aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, wala kwa kuomba. Ni kama mtu anayemwachia mkubwa nafasi ya kusema kwanza. Mimi nilikuwa natazama kitambaa.

"Nilisahau, sir," Barasa akasema.

"Ulisahau, au hukulijua?"

"Nilisahau."

Nikasema moyoni, huyu kijana ana akili. Kukiri tundu ni kukiri tone. Amejiokoa. Nilikuwa bado nampongeza kimyakimya tumbo lilipopasuka kwenye kiungo cha chini, palepale kwenye kichomeleo, na maji yakatoka kama yaliyokuwa yametukanwa. Yalimpata Daktari kifuani. Kitambaa kikaelea, kikazunguka, kikakwama kwenye jiwe. Akakiokota, akakikamua polepole, akakirudisha mfukoni, akaandika kitu kwenye karatasi yake iliyolowa. Alimpa Barasa mkono. Mimi nikajua yamekwisha. Kama tone ni sifuri, kijito kizima ni nini?

Barasa alianguka. Akaandikiwa arudie mwaka. Alikwenda Misikhu kumwambia mama yake, na kabla hajajua la kufanya chuo kikafungwa tena, na kilipofunguliwa hakurudi. Shule ilirudi kwenye mitungi. Tumbo lililopasuka Mzee Balbir aliliweka juu ya rafu yake, akalitazama kila siku kama mtu aliyetukanwa, mpaka akafa akiamini kichomeleo chake ndicho kilichokosea. Lile bomba bado limelala pale kijitoni, majani yamelifunika. Nimepita.

Na mimi? Mimi nilipata hadithi. Kila kundi jipya lilipokuja niliwakalisha kwenye mabenchi nikawasimulia kijana hodari kuliko wote niliowahi kufundisha, na jinsi maji yalivyomwangusha. Wakawa wanaziba. Ninyi hamjaona watu wanaziba. Gundi, raba, rangi, utepe wa plastiki, mmoja alitumia ugali uliokaushwa. Mashine za Kitale za miaka ile zilikuwa kavu kuliko midomo ya mwanafunzi asubuhi ya mtihani. Nyingi zilikufa baada ya mtahini kuondoka, na sisi tukasema wanakijiji hawajui kutunza vitu.

Nilistaafu nikarudi kwetu Bungoma. Barasa nilimkuta huko. Ana kibanda kando ya barabara, anatengeneza baiskeli za boda boda, mbele ya duka la vyuma la familia moja ya Wahindu. Ndiye fundi wanayemngojea hata akiwa na foleni. Nikipita ananivutia kigoda, anaagiza chai, ananiita Mwalimu. Habari za pampu hatuzigusi. Namsimulia vichekesho, anacheka kwa adabu, mikono ikiendelea na kazi.

Siku moja nimesimama kwenye baraza ya lile duka nikingoja misumari, nikamwona mzee anatoka ndani na vali mbili za shaba mkononi. Suti ya kijivu, imepauka viwiko. Alikuwa Daktari Mwakio, amekuja kukagua mradi wa umwagiliaji. Alinikumbuka kabla sijajitaja. Tukasalimiana kirefu, na mimi kama mnavyonijua sikuweza kunyamaza. Nikamwambia alivyotutesa. Nikamsimulia kitambaa cha Ujerumani, chozi la mbu, dada asiyemsemesha. Nilisimulia vizuri siku hiyo, hata mwenye duka aliacha kupima misumari akasikiliza.

Daktari hakucheka.

"Mimi sina dada," akasema. "Kitambaa kilikuwa cha goti. Suti nilikuwa na hii moja, na kule kwenu kuna tope."

Nikacheka kwa niaba yake. Nikasema, haya, lakini Barasa je, yule wa pampu, si maji yalimwangusha?

"Pampu kupasuka si kitu. Zangu zimepasuka nyingi. Yule kijana nilimwangusha kwa sababu ya tundu. Pampu ile bila tundu inaua watu, na aliniambia amesahau. Nilimuuliza mara mbili."

Ng'ambo ya barabara Barasa alikuwa amechutama, ametumbukiza tyubu kwenye karai la maji, anaizungusha taratibu akitafuta mapovu. Alinyanyua kichwa akaniona, akanipungia mkono. Daktari hakumtambua.

Nikamwambia Daktari kwamba tundu lilikuwapo. Nikamwambia alilitoboa mwenyewe, sindano kabisa, mahali pake kabisa, na kwamba siku ile lilikuwa na njiti ya kiberiti, na njiti iliingia kwa sababu gani. Nilisema kwa sauti ndogo. Vali zile mbili za shaba alizihamishia mkono mwingine.

Hakuniuliza ni wazo la nani.

"Basi angesema hivyo tu," akasema. "Angesema aliliziba na kwa nini, ningempitisha palepale, nikiwa nimelowa."